Jinsi ya kupiga picha ya wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa simu, paka akiwa humo humo ndani

Dada yangu yuko Maskati mwaka wa kumi huu, na kila Ijumaa lazima aandike kwenye grupu la familia "leo mmepika nini, tumeni picha". Sasa huku Tanga mpishi ni mimi na mpiga picha ni mimi, sina kamera kubwa wala nini, nina simu ya kawaida yenye ufa kwenye kona ya kioo, af nina paka mweusi anaitwa Shombo. Picha yangu ya kwanza ilitoka wali una rangi ya kijivu kama simenti, sahani ya samaki ina ndimu tupu, na pembeni unaonekana mkia mweusi unatokomea. Walinicheka wiki nzima. Toka siku hiyo nimeharibu picha nyingi sana mpaka nikapata mpangilio wangu, na mpangilio wenyewe ni huu: picha unaipanga kabla chakula hakijaiva, na paka unamshibisha kabla hujapakua. Wengi tunafanya kinyume, chakula kishaiva ndo unaanza kuhangaika na mwanga, watu wana njaa, paka ana njaa, hapo hutoki na kitu.

Hatua ya 1: Tafuta dirisha mapema

Usianze na simu, zunguka nyumba yako saa ya chakula uone mwanga unaingilia wapi. Sisi tunakula Ijumaa saa saba na kitu watu wakishatoka msikitini, na saa hizo jua la kwetu liko utosini, ukipiga nje uwanjani sahani inatoka na kivuli cheusi kama wino na samaki anang'aa kama bati. Lakini hilo hilo jua likiwa juu ya paa haliingii ndani moja kwa moja, kwa hiyo karibu na dirisha unapata mwanga mlaini mzuri kweli, au barazani kwenye kivuli. Kitu ambacho kilinichukua muda kukielewa ni kwamba dirisha zuri linabadilika na miezi: mwezi wa 6 na wa 7 jua linapita upande wa kaskazini hivyo dirisha la kusini ndo linatulia, mwezi wa 12 ni kinyume chake. Mimi nahama na meza. Dirisha la magharibi baada ya saa tisa achana nalo, au tundika shuka jeupe.

Af zima taa ya ndani. Mwanga wa dirisha na mwanga wa balbu rangi zake hazifanani, simu inachanganyikiwa, upande mmoja wa wali unakuwa wa manjano na mwingine wa buluu. Na flashi usiiguse kabisa, inakipa chakula sura ya kitu cha ushahidi polisi.

Hatua ya 2: Samaki, na fungu la Shombo

Natumia changu mmoja wa kama kilo moja. Mparue magamba, toa matumbo na matamvua, muoshe, mchanje mistari mitatu minne kila ubavu. SASA HAPA kabla hujagusa kiungo chochote kata kipande kidogo cha mnofu weka kwenye kisufuria chake, maji kidogo, bila chumvi, bila kitu, chemsha. Hilo fungu la paka. Nasisitiza kwa sababu watu wengi tunampa paka makombo yenye mchuzi tukidhani tunamdekeza, kumbe vitunguu maji na vitunguu saumu ni sumu kwake, vinaharibu chembe nyekundu za damu, viwe vibichi viwe vimepikwa ni yale yale. Mifupa nayo toa, kale ka mfupa kembamba kakimkwama kooni utajuta. Na usimzoeze samaki mbichi kila siku, kuna aina za samaki ambao wakiliwa wabichi sana wanamharibia paka vitamini B1. Chemsha tu, dakika tano kazi imeisha.

Samaki wetu wa binadamu sasa mpake ndimu, chumvi, tangawizi na saumu iliyotwangwa, pilipili kwa kadiri ya roho yako, muache nusu saa, MFUNIKE. Sio na gazeti. Gazeti Shombo analifungua kama bahasha. Mimi nafunika na sufuria nzito na juu yake naweka jiwe la kutwangia.

Hatua ya 3: Nazi

Zikune nazi mbili, ukamue tui. Tui la kwanza lile zito weka pembeni, ndo la kupaka samaki, tui la pili ndo la wali. Mchele vikombe viwili, tui jepesi vikombe vitatu na kitu kulingana na mchele wako, chumvi, ukikaukia unafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Machicha wape kuku. Sitakufundisha kupika wali wa nazi hapa, kila nyumba ina wake na mama mkwe wangu anasoma haya.

Tui zito liweke motoni na bizari kidogo, saumu, pilipili na ukwaju uliochujwa, koroga bila kuacha mpaka lichemke maana ukiliacha linakatika, na tui lililokatika mdomoni utavumilia lakini kwenye picha linaonekana kama maziwa yaliyoganda. Lipungue mpaka likishika mwiko linabaki. Samaki mchome kwenye mkaa wa kiasi mpaka aive pande zote, ndo uanze kupaka tui, unageuza, unapaka, unageuza. Bakiza vijiko vitatu vya tui. Hivyo vya mwisho ni vya picha, utaona.

Hatua ya 4: Piga picha ya sahani tupu

Hii ndo siri yangu kubwa na haina gharama. Wakati wali uko kwenye makaa, panga meza dirishani, weka sahani yenyewe utakayopakulia, na badala ya samaki weka ndizi au kitambaa ulichokikunja. Piga. Angalia kwenye skrini: rimoti inaonekana? Ndoo ya deki? Chaja? Toa yote sasa hivi, sio chakula kikishafika. Dirisha liwe ubavuni mwa sahani au nyuma yake kidogo, lisiwe mgongoni kwako maana kivuli chako kitalala juu ya chakula. Upande wa pili wa sahani utakuwa na giza, hapo simamisha karatasi nyeupe ya manila au hata mfuniko wa boksi uliouzungushia foili, mwanga unagonga pale unarudi.

Chini natandika kanga, ya rangi iliyokoza ili wali uonekane. Lakini ndugu zangu soma maandishi ya kanga kabla hujatandika!! Mimi niliwahi kutuma picha nzuri mno, pilau imekaa vizuri, na chini ya sahani pameandikwa kwa herufi kubwa HASIDI HANA SABABU. Wifi yangu mmoja hakujibu simu zangu siku nne. Siku hizi nakunja upande wa maandishi kwa ndani.

Hatua ya 5: Mlishe paka

Chakula kikikaribia kuiva, toa kile kisamaki kilichochemshwa na kilichopoa, mpe paka mbali na meza, kwangu ni mlango wa nyuma. Atakula dakika mbili. Halafu atakaa chini aanze kujilamba, uso, makucha, tumbo, af anatafuta pa kulala. Paka wangu tangu namjua mpangilio wake ni huo, shibe, kujilamba, usingizi, na kwenye hiyo nafasi ndo unapakua. Kumfungia chumbani nilijaribu, analia nyuma ya mlango kwa sauti ya mtoto mchanga mpaka jirani anauliza.

Hatua ya 6: Pakua na upige, una dakika tatu

Futa lenzi kwanza. Simu iliyokuwa jikoni lenzi yake ina mafuta, picha inatoka na ukungu af unalaumu simu. Kona ya kanga safi inatosha.

Wali usiupige mwiko ukalala, uchote uachie wenyewe usimame punje punje. Samaki juu ya sahani yake, ndimu, kachumbari pembeni kwa ajili ya rangi, maana wali mweupe na samaki wa manjano peke yao wanakuwa kama wagonjwa. Sasa vile vijiko vitatu vya tui zito, vikiwa vya moto, mwagia juu ya samaki dakika hii hii. Tui likikaa linanywea na kupoteza mng'ao, ukimwagia sasa hivi linateleza kwenye ile mistari uliyochanja na dirisha linaonekana ndani yake. Hapo hata mimi mwenyewe mate yananitoka.

Simu usiisogeze puani kwa samaki, ukikaribia sana kichwa kinavimba na mkia unapotea. Rudi nyuma kidogo, utakata pembeni baadaye. Samaki mzima aliyelala piga kutoka juu kabisa, simu iwe sambamba na meza. Wali uliosimama piga kutoka ubavuni, kimo cha mtu aliyekaa mezani anakaribia kula. Ukitaka mvuke uonekane, mwanga uwe nyuma ya sahani na nyuma yake kuwe na kitu cheusi, mbele ya ukuta mweupe mvuke hauonekani hata ukichemka vipi.

Sasa suala la wali wa kijivu. Kamera haijui kama kile ni wali. Yenyewe inapima mwanga ikijaribu kufanya kila kitu kiwe cha wastani, sio cheupe sio cheusi, kwa hiyo ikiona sahani imejaa weupe inasema hapa pamezidi, inapunguza, unapata simenti. Dawa yake gusa wali kwenye skrini, simu nyingi zitakuonyesha alama ya kijua, kipandishe juu taratibu kwa kidole mpaka wali uwe mweupe lakini punje bado unaziona. Ukizidisha punje zinapotea, linabaki doa jeupe tu, na hilo doa huwezi kulirudisha kwa apu yoyote.

Piga tano sita, tosha. Mama mkwe hapo ameshasema mara mbili "hivi tunakula au tunatazama," na ana haki yake.

Hatua ya 7: Shombo mwenyewe

Dada huwa anadai na picha ya paka, nadhani anampenda paka kuliko sisi. Paka mweusi ni kazi, ni ule ule ugonjwa wa wali ila umegeuka: simu ikiona weusi mwingi inaongeza mwanga, Shombo anatoka wa kahawia mwenye vumbi na ukuta nyuma umeungua. Kwa hiyo yeye mguse na kijua ukishushe. Muweke, au tuseme msubiri, akae ameelekea dirishani, ili mwanga upite ubavuni manyoya yang'ae, la sivyo utapata shimo jeusi lenye masikio.

Shuka chini. Lala sakafuni kabisa, simu iwe kimo cha macho yake, ukipiga umesimama unapata mgongo na kichwa kikubwa. Fokasi kwenye macho. Flashi hapana, nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga, ndo maana yanatoka kama taa za gari, na unamuudhi bure. Akiwa amesinzia chakura karatasi kwa kucha mara moja, atainua kichwa na masikio yatasimama, una kama sekunde moja, shikilia kitufe simu ipige mfululizo utachagua baadaye. Mara ya pili hageuki tena, anajua ni wewe. Akiwa anacheza ndani ya nyumba yenye giza usijisumbue, atatoka moshi mtupu, mpeleke barazani kwenye mwanga ambako simu inapiga haraka.

Hatua ya 8: Kutuma

Kata pembeni, nyoosha meza isilale upande, basi. Mafilta usiweke, tui lina rangi yake. Na ukituma WhatsApp picha inabanwa inapoteza ukali, chagua kutuma kwa HD au itume kama dokumenti, bando litaenda zaidi kidogo lakini punje za wali zitafika Maskati zikiwa punje.

Ijumaa iliyopita nilituma tatu, samaki kutoka juu, wali wenye mvuke, na Shombo anajilamba chini ya dirisha. Nilisubiri sifa. Dada akajibu, "Mashallah, ila huyo paka mbona kanenepa hivyo, mnampa nini?"