Somo: Kupanga saa na pesa za elektrolisisi ya kidevu

Wengi mnaoniandikia mnauliza swali moja: "Ni mara ngapi mpaka ndevu ziishe?" Nami niliuliza hivyohivyo, nikajibiwa "mara kumi hivi", nikalipia mara kumi kwa mkupuo. Zilipokwisha, kidevu kilikuwa bado kina kazi. Kosa lilikuwa kwenye swali. Mara kumi za dakika 15 na mara kumi za saa nzima ni vitu viwili tofauti. Hii ni kazi inayouzwa kwa muda, basi ipange kwa saa.

Kwa asiyeijua: sindano nyembamba sana huingizwa kwenye kitundu ambamo unywele umeota, umeme kidogo unapita, shina linakufa, kisha unywele unatolewa kwa kibanio. Mmoja mmoja, ndiyo, mmoja mmoja. Daktari wa macho Charles Michel wa St. Louis, Marekani, aliandika juu yake mwaka 1875. Yeye alikuwa anahangaika na kope zinazoota kwa ndani na kukwaruza jicho, balaa ambalo kwetu walioumwa vikope wanalifahamu. Hadi leo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inaitambua elektrolisisi kuwa njia ya kuondoa nywele zisirudi. Leza inaruhusiwa kuitwa ya kuzipunguza tu.

Hatua ya 1: Pima homoni kabla hujatoa shilingi

Kama ndevu zimekuja ukubwani, hedhi inaruka miezi na chunusi haziishi, nenda kwa daktari wa wanawake kwanza. Mara nyingi ni PCOS, hali ya homoni za mwanamke kuvurugika, zile za kiume zikapanda. Sindano inaua shina lililopo leo, lakini homoni zikiwa juu zinaamsha malaika mengine, yaani vile vinywele laini vya usoni, yageuke ndevu, nawe utakuwa unachota maji kwa pakacha. Dawa za homoni huchukua kama miezi 6 kuonekana kwenye nywele. Huna haja ya kusubiri miezi hiyo iishe, mambo mawili yanaweza kwenda pamoja.

Hatua ya 2: Acha kung'oa

Uzi, halawa, waksi, kibanio cha kwenye pochi: vyote weka kando. Unywele uliong'olewa hauachi kitu cha kumwonyesha fundi njia ya kufika kwenye shina. Nyoa kwa wembe au punguza kwa mkasi. Najua bibi zetu walituambia wembe unaongeza ndevu. Hauongezi, unakata ncha tu, ndiyo maana zinachoma mkononi. Ukiacha kung'oa, wiki kadhaa za mwanzo kidevu kitaonekana kibaya kuliko ulivyokizoea, kwa sababu zote ulizokuwa unazing'oa zamu kwa zamu sasa zinatoka. Usitishike, na usipange hesabu yoyote kabla hazijatoka.

Hatua ya 3: Jaribio la dakika 15

Usinunue kifurushi. Lipia dakika 15 chini ya taya, mahali pasipoonekana, kisha subiri wiki 4. Ngozi zetu nyeusi hazionyeshi hasira siku ileile, doa jeusi huja polepole. Mwenye historia ya makovu yanayovimba, yaani keloidi, amwone daktari wa ngozi kwanza.

Siku hiyo uliza anatumia njia gani. Zipo tatu. Ya zamani, ya umeme wa moja kwa moja, inatengeneza magadi makali ndani ya kitundu, na unywele mmoja unaweza kula dakika nzima. Ya joto inamaliza unywele kwa sekunde chache tu. Ya mchanganyiko iko katikati, na wengi huipenda kwa nywele nene zilizopinda kama zetu. Tofauti hiyo ya sekunde ndiyo bili yako. Angalia pia sindano: iwe mpya, ifunguliwe mbele ya macho yako. Hapo hakuna kuoneana aibu.

Kisha sikiliza mwili. Shina likishakufa, unywele unateleza kutoka bila kuvutwa. Ukihisi kila mmoja unang'olewa kwa nguvu, unalipia kibanio. Na ukikuta mashine ambayo haina sindano kabisa, inashika unywele kwa kibanio chenye umeme, hiyo haijathibitika kuua shina.

Hatua ya 4: Panga saa

Nywele haziko macho zote kwa wakati mmoja. Nyingine zinakua, nyingine zimepumzika, nyingine vitundu vyake ni vitupu kwa sasa. Ndiyo maana baada ya kidevu kusafishwa chote, wiki tatu mbele unaona nyingine, unadhani umeibiwa. Hizo ni zile zilizokuwa zimelala. Kwa kawaida inachukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, wengine miaka miwili, mpaka kila moja ikutwe ikiwa macho.

Ujanja niliouchelewa: nyoa siku 3 kabla ya miadi. Zitakazokuwa zimechomoza siku hiyo ni zile zinazokua, na hizo ndizo zinazokufa vizuri. Zilizopumzika zinabaki chini, hutumii pesa juu yake.

Huu ni mfano wangu wa kidevu chenye nywele nyingi kiasi:

Mwezi wa 1 hadi wa 3: safari 10, jumla saa 8
Mwezi wa 4 hadi wa 6: safari 6, jumla saa 4
Mwezi wa 7 hadi wa 12: safari 7, jumla saa 3
Mwezi wa 13 hadi wa 18: safari 4, jumla saa 1

Tazama inavyoshuka. Nusu ya saa zote 16 ziko kwenye miezi mitatu ya kwanza. Wanaoshindwa wengi hushindwa hapo: wanagawanya pesa sawa kila mwezi, za mwanzo hazitoshi, wanaruka miadi, nywele zilizoamka zinarudi kulala bila kuguswa, na mwaka unaongezeka. Na kule mwishoni, ukibaki na vinywele vitano, utashawishika kuacha. Vinywele vitano ni dakika chache tu, nenda.

Hatua ya 5: Panga pesa

Bei zinatofautiana, basi weka ya fundi wako badala ya hizi. Tuseme saa ni shilingi 50,000 na nauli ya kwenda na kurudi ni 6,000. Saa 16 ni 800,000. Safari 27 ni 162,000. Ongeza 40,000 ya mafuta ya kukinga jua na mshubiri. Jumla 1,002,000. Nauli ni kama moja ya tano ya gharama ya sindano yenyewe, na hakuna anayeihesabu!

Miezi mitatu ya kwanza pekee inataka 460,000. Kwa hiyo kama unacheza upatu, omba zamu ya mwanzo, usingoje ya mwisho. Nilifanya kinyume, nikapokea pesa zangu wakati kazi kubwa imeshanipita kwa mikopo.

Muulize fundi pia kama dakika zinahesabiwa tangu unapolala kitandani au tangu sindano ya kwanza. Dakika 10 za kupaka ganzi kila safari, mara 27, ni saa nne na nusu.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, harusi yangu ni baada ya miezi minne. Nitawahi? (Tanga)

Kumaliza, hapana. Kuwa na kidevu safi siku hiyo, inawezekana kabisa ukianza sasa na usiruke miadi. Ya mwisho iwe siku 10 kabla ya harusi, maana vigamba vidogo vinahitaji kudondoka vyenyewe. Mwambie na kungwi wako: singo na liwa zisisuguliwe kidevuni mpaka pale pamepona. Baada ya fungate, rudi kwenye ratiba.

Naishi Dodoma, fundi yuko Dar. Naweza kwenda mara moja kwa mwezi? (Dodoma)

Unaweza, kwa treni ya SGR siku hizi si safari ya kutisha. Badala ya dakika 48 kila safari, fanya saa mbili hadi tatu kwa mkupuo, ila fundi agawe maeneo, asipige vitundu vilivyobanana mfululizo mpaka ngozi ifure. Utakosa baadhi ya nywele zilizoamka katikati ya mwezi, kwa hiyo ongeza miezi michache kwenye hesabu. Nauli itapungua idadi lakini itapanda bei, piga hesabu upya.

Huku leza ni rahisi kupatikana. Niache sindano? (Muscat)

Shoga, unaweza kuvichanganya. Kwa ngozi nyeusi uliza mashine ya Nd:YAG, mwanga wake wa nanomita 1064 unapita rangi ya ngozi kwa usalama zaidi. Nyingine nyingi zinaweza kutuunguza. Mimi mwenyewe nina doa la shavuni la mashine isiyofaa. Leza ipunguze zile nene, sindano imalizie. Mvi na malaika leza haiyaoni, kwa kuwa inafuata weusi wa unywele.

Nina mimba ya miezi minne, na ndevu zimezidi. (Kisumu)

Hongera mama. Mimba yenyewe huongeza nywele, na baadhi hupungua baada ya kujifungua, kwa hiyo ukilipa sasa huenda unalipia zitakazoondoka bure. Njia ya magadi na ya mchanganyiko huepukwa kwa wajawazito. Nyoa tu kwa sasa, na ukishajifungua, ukanyonyesha na kutulia, anza na Hatua ya 1.

Hizo siku 3 za kutonyoa, kazini naendaje? (Dar es Salaam)

Mimi nilichukua miadi ya Jumatatu jioni. Nanyoa Ijumaa asubuhi, Jumamosi na Jumapili niko nyumbani, Jumatatu navaa barakoa na kusema nina mafua. Kwa miezi 18 ofisi nzima iliamini kwamba nina mafua ya Jumatatu.