Somo: Prado ya 1KZ Inatoa Moshi Mweupe, Pima Kabla Hujafungua Silinda Hedi

Swali la kwa nini Prado ya 1KZ inatoa moshi mweupe nimeulizwa mara nyingi mno, na majibu yangu ni yale yale, kwa hiyo nayaandika hapa mara moja ili atakayefuata aelekezwe kwenye somo hili. Nazungumzia Prado za zamani zenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE, ya silinda 4 na ujazo wa sisi (cc) 2982, ambayo silinda hedi yake (kipande cha juu kinachofunika silinda) ni ya aluminiamu na hupasuka kirahisi injini ikichemka. Sifa hiyo mbaya imewafanya mafundi wengi waihukumu hedi bila kuipima.

Hatua ya 1. Pima asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha.

Hatua ya 2. Washa, kisha nusa moshi unaotoka kwenye ekzosi. Moshi ukichoma macho, ukanuka dizeli, na ukakatika injini ipatapo joto, anza na hita plagi (vipasha joto vya silinda wakati wa kuwasha). Usipokatika, na maji ya rejeta yanapungua ilhali huoni panapovuja, nenda hatua ya 3.

Hatua ya 3. Zima, injini ipoe tena, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji hadi mdomoni, washa na utazame mapovu. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa nimemwaga maji yote na kujaza mapya siku hiyo hiyo, gari likiwa limeegeshwa pua ikielekea bondeni na hita ya ndani imefungwa. Nilipoona mapovu nikaamini kuwa hedi imepasuka, nikaifungua. Karakana ya kuchonga hedi iliipima kwa presha na haikukuta ufa wowote. Nilikuwa nimetazama hewa iliyonaswa kwenye mipira ya maji, nikalipia gasketi, boliti na siku nne za kazi kwa ajili ya hewa. Kwa hiyo elekeza pua ya gari mlimani, fungua hita hadi mwisho, ya nyuma pia kama ipo, na uache injini ingurume hadi thamostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto) ifunguke. Hewa iliyonaswa hutoka ikaisha. Gesi ya silinda, inayopenya kwenye maji hedi ikipasuka, haiishi, na huzidi unapokanyaga mafuta. Usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto hata kama fundi wako hufanya hivyo kila siku, kwa sababu maji hayo hubabua uso.

Hatua ya 4. Mapovu yasipoisha, usiendeshe. Livute gari, na hedi ipimwe kwa presha kabla hujanunua nyingine.

MASWALI

Swali: Langu linatoa moshi, tatizo litakuwa nini?
Jibu: Moshi wa rangi gani, saa ngapi, na maji yanapungua? Rudia hatua ya 2.

Swali: Fundi wangu amesema ni nozeli (vinyunyizio vya dizeli), wewe unatutisha bure.
Jibu: Sijamtisha mtu. Nozeli mbovu zipo, lakini hazinywi maji ya rejeta. Kama maji yako hayapungui, fundi wako huenda yuko sahihi. Kama yanapungua, utanunua nozeli na bado utarudi hapa.

Swali: Mkuu, mimi niko Njombe. Asubuhi nakuta mpira wa juu wa rejeta ni mgumu kabla hata sijawasha. Je, ni dalili?
Jibu: Ahsante, ndugu, kwa kuutazama kabla ya kuwasha. Mpira kuwa mgumu injini ikiwa ya moto ni kawaida, lakini baada ya kulala usiku mzima unapaswa kuwa laini. Ukibaki mgumu, inaelekea gesi ya silinda imeingia kwenye maji na kubaki humo, kwa hiyo fanya hatua ya 3 kwa uangalifu. Mvuke mwepesi wa ekzosi wa dakika chache kwenye baridi ya huko usikutie hofu.

Swali: Yangu haina thamostati, fundi aliitoa ili isichemke.
Jibu: Irudishe. Thamostati ya injini hii ina kisahani chini kinachoziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta.

Swali: Na mlio wa tik-tik asubuhi, unaopotea injini ikipata moto?
Jibu: Tafuta masizi meusi pale manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi wa silinda) inapokutana na hedi. Gasketi inavuja, na chuma kikitanuka hujiziba. Nati zake zilowekwe mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, maana stadi (boliti inayoshika nati) ikikatikia ndani ya hedi kazi ya saa mbili hugeuka ya siku mbili.