Kutoa petroli kwenye sukari bila kuiunguza

Aliyewahi kupika shira anamjua adui wa kazi hii: moto ukizidi, sukari huwa kaa kabla haijawa kitu kingine. Tena glukosi, kwa uzito, asilimia 53 ni oksijeni. Hiyo itoke, kaboni ibaki.

Njia hii ni ya maabara, ilikuzwa na kundi la James Dumesic katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison. Usiijaribu jikoni, kuna haidrojeni na presha kubwa.

Anza kwa kugeuza glukosi kuwa sorbitoli (glukosi iliyoongezwa haidrojeni): haidrojeni, kichocheo cha metali ya rutheni, nyuzi 100 hadi 140 za Selsiasi. Hatua hii hairukwi. Glukosi iliyokolea ikiingia moja kwa moja kwenye bomba la nyuzi 230 huungua na kuziba njia, sorbitoli huvumilia. Ukianzia molasi, ondoa salfa kwanza, maana huua platini.

Weka gramu 10 za kichocheo cha metali za platini na reni, ndicho kitakachotoa oksijeni nyingi, kwenye bomba la stenlesi. Metali hizo zibebwe na chembe za kaboni, si alumina (oksidi ya alumini), ambayo huharibika taratibu ndani ya maji moto. Kipitishie haidrojeni kwa nyuzi 450, saa 2, kipoze hadi 230, kisha pandisha presha hadi bari 35 ndipo ufungulie pampu. Hapa ndipo wengi huharibu. Maji ya nyuzi 230 huchemka presha ikishuka chini ya bari 28, na sukari hubaki imegandia kichocheo. Pampu isukume mchanganyiko wa maji na sorbitoli asilimia 60, gramu 10 kwa saa.

Angalia chupa ya kupokelea. Mafuta huelea juu. Maji yakiwa na rangi ya chai na harufu ya karameli, sukari inaungua: punguza moto. Geji mbili za presha, za mwanzo na mwisho wa bomba, zikianza kuachana, kaa limeshaanza kujaa.

Mafuta hayo bado yana oksijeni. Geuza ketoni, kemikali zenye oksijeni zilizo ndani yake, kuwa alkoholi (haidrojeni na rutheni tena, nyuzi 160), halafu pitisha mvuke wake juu ya zeolaiti H-ZSM-5, kichocheo cha madini yenye vitundu vidogo sana, nyuzi 400, presha ya kawaida. Zeolaiti itachafuka kwa kaa tu; fukuza gesi kwa naitrojeni, kisha ichome kwa hewa, nyuzi 500.

Usitarajie mengi. Haidrojeni yote ikitoka kwenye sukari yenyewe, kilo 1 ya sorbitoli haiwezi kuzidi gramu 324 za heksani, mafuta mepesi ya jamii ya petroli, kama nusu lita.

Ukifunga kazi, pitisha maji matupu kwanza, presha ikiwa juu, ndipo upoze.