Spoila ya haidroliki ikianza kulala upande: tafuta kwanza oili inaenda wapi

Hapa gereji yetu Ndeeba, Kampala, tumechanganyika, kuna wa Arua, wa Kasese, wa Bombo na ndugu zetu Wakongo wawili, kwa hiyo lugha ya spana ni Kiswahili na naandika hivi hivi tunavyoongea tukiwa chini ya gari. Naandika kwa sababu ndani ya muda mfupi wameniletea Porsche 911 Turbo mbili, zote za umbo lile la 996 lililotengenezwa 2000 mpaka 2005, zote spoila ya nyuma, lile bawa la juu ya mfuniko wa injini linalonyanyuliwa kwa nguvu ya oili, imegoma, na zote mwenye gari alishaambiwa na mtu mwingine kwamba pampu imekufa, anunue mpya. Pampu ilikuwa nzima kwenye zote mbili. Inauma kuona mtu anatoa pesa ya namna ile kwa kitu ambacho hakijaharibika.

Kwanza uelewe inavyofanya kazi maana bila hapo utafungua bolti bure. Spoila ya 996 Turbo ina sehemu mbili, ya chini haitembei, ya juu inanyanyuka yenyewe gari ikifika 120 km/h na inashuka ukirudi kwenye 60. Ndani ya mfuniko wa injini kuna pampu ndogo ya umeme yenye kitenki chake cha oili, inasukuma oili kwenye silinda mbili, moja kushoto moja kulia, na kila silinda ina rodi inayopandisha spoila. Usichanganye na 911 za kawaida zisizo na turbo za umbo hilo hilo, zile spoila yake inasukumwa na mota ya umeme na nyaya za kuzunguka, hakuna oili hata tone. Nimeshamwona fundi anatafuta kitenki cha oili kwenye gari isiyokuwa nacho, asubuhi nzima.

Sasa kitu ambacho naona watu wa hapa hawakifikirii. Barabara yetu ya kasi zaidi ni ile ya Kampala–Entebbe na spidi yake ya mwisho kisheria ni 100. Yaani ukiendesha vizuri kama inavyotakiwa, spoila yako haitajinyanyua mwenyewe hata siku moja, mwaka mzima rodi zimekaa ndani, sili, ile ringi ya mpira inayozuia oili isitoke pembeni ya rodi, imekaa mahali pamoja imekauka, na lile vumbi letu jekundu limejazana pale juu rodi inapotokea. Halafu siku moja mwenye gari anabonyeza swichi kuwaonyesha marafiki, rodi inatoka na vumbi, inarudi ndani na vumbi, na mchanga unakwaruza sili. Ndo mwanzo wa kuvuja.

Kabla ya kushika spana, sikiliza. Washa swichi ya gari bila kuwasha injini, mtu mmoja abonyeze swichi ya spoila ndani, wewe simama nyuma mikono ikiwa mbali. Kama kimya kabisa, hilo ni tatizo la umeme, anza na fyuzi na rilei, halafu kagua nyaya pale zinapopita kwenye bawaba za mfuniko wa injini kwa sababu zinakunjwa kila mfuniko unapofunguliwa, waya unakatika ndani huku ganda la nje likionekana zima. Weka mita kwenye plagi ya pampu wakati mwenzako anabonyeza, ukipata volti 12 na pampu haizunguki, hapo ndo pampu au mota yake ina shida kweli. Kama unasikia mlio lakini hakuna kinachosogea, au mlio ni wa juu juu kama mashine inayozunguka bure, oili imeisha au imeingia hewa. Ikipanda upande mmoja ukitangulia mwingine, silinda moja imechoka au rodi yake inakwama. Na ikipanda vizuri halafu baada ya saa moja mbili ukikuta imelala tena, oili inapita pembeni ya pistoni ndani ya silinda, au valvu ya kuzuia kwenye pampu haifungi sawasawa. Ikilala sawa pande zote naanza kushuku valvu. Ikilala imepinda, silinda.

Oili haipotei hewani. Kama kitenki kimepungua, iko mahali. Chukua tochi na kitambaa cheupe kikavu, upitishe kwenye rodi zote mbili, kwenye maungio ya bomba, chini ya pampu, kisha angalia kitambaa. Na fanya hivyo mapema, sio jambo la kuahirisha, kwa sababu vitu hivi vyote viko juu ya injini yenye turbo mbili na egzosi ya moto, oili ikidondokea pale inaanza kwa harufu, kisha moshi, na gari imeshika moto kwa kitu kidogo hivi. Gari inayovuja hapo isiendeshwe mpaka itengenezwe.

Haya, kufungua. Injini iwe imepoa kabisa. Mfuniko wa injini pamoja na spoila ni mzito, na zile nguzo za gesi zinazoushikilia kwenye gari ya miaka hii mara nyingi zimechoka, kwa hiyo weka ubao wa kuegemeza, usiamini nguzo, kichwa chako kiko chini yake. Nyanyua spoila kwa swichi kama bado inaweza, halafu toa waya wa betri ili mtoto au mtu yeyote asibonyeze wakati vidole vyako viko ndani. Osha eneo lote kwanza, piga brashi, futa, maana ukifungua bomba kwenye uchafu, uchafu wote unaingia kwenye mfumo na utarudi kuifanya kazi hii tena. Piga picha kila kitu kwa simu, andika kushoto na kulia kwa tepu kwenye kila bomba na kila silinda. Kila silinda ina bomba mbili, la kupandisha na la kushusha, ukizigeuza spoila itakwenda kinyume na unavyobonyeza.

Ukishatoa silinda, ziba midomo ya bomba, toa oili iliyobaki ndani kwenye chupa safi na uitazame kwenye mwanga. Ikiwa nyeusi au ina vipande vidogo vya mpira, ujue sili zimekatika. Kisha rodi. Hapa naomba usikimbie. Futa rodi ing'ae, halafu pitisha ukucha kutoka juu mpaka chini, ukizunguka pande zote. Mkwaruzo unaouona kwa macho lakini ukucha haukwami, unaweza kuusugua polepole kwa msasa laini kabisa wenye oili. Ukucha ukikwama, ukiweka sili mpya itakatwa pale pale ndani ya wiki chache. Rodi hiyo inapelekwa kwa fundi wa kukereza chuma, Katwe wapo wenye mkono mzuri, au utafute silinda nyingine.

Silinda nyingine mdomo wake umeshikwa na ringi ya chuma inayobana, hiyo unaitoa kwa koleo lake na kila kitu kinavutika nje. Nyingine mdomo umekunjwa kiwandani, hizo usizilazimishe kwa nyundo, zinafunguliwa kwenye mashine ya kukereza na kutengenezewa mdomo wa nyuzi. Sili usinunue kwa kukadiria kwa macho. Pima kwa kalipa kipenyo cha rodi, kipenyo cha ndani cha silinda, na upana wa mfereji sili inapokaa, andika, nenda na ile ya zamani mkononi kwenye maduka yanayouza sili za haidroliki za katapila, wana saizi ndogo kuliko unavyodhani. Ukiiweka mpya ipake oili ile ile ya mfumo, usitumie bisibisi kuisukuma, tumia kipande cha plastiki laini, hata mpini wa mswaki ulioulainisha kingo.

Kuhusu oili, hapa nasema kwa uchungu. Ile gari ya pili ilipita kwanza kwenye gereji moja mjini, wakaona kitenki kimepungua wakajaza mafuta ya breki. Nilipotoa sili ilikuwa imevimba, laini, nikiibonyeza kwa kidole alama inabaki, imejaa mfereji mpaka rodi haipiti. Mafuta ya breki na mafuta ya haidroliki ya madini ni vitu viwili tofauti, mpira unaovumilia hili unaharibiwa na lile. Ilibidi nifungue silinda zote mbili, niisafishe pampu na bomba zote, kazi ya saa chache ikawa ya siku tatu, na mzee mwenye gari alilipa mara mbili kwa kosa ambalo sio lake. Tumia oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, basi. Kama kuna mtu alishaweka nyingine usiichanganye, toa yote.

Kujaza: rudisha silinda, funga bomba, na ujaze kitenki rodi zikiwa ndani, yaani spoila imelala. Sababu ni rahisi, rodi ikiwa nje nafasi yake ndani ya silinda inashikwa na oili, kwa hiyo kitenki kinashuka, na ukijaza mpaka juu wakati spoila imenyanyuka, ikirudi chini oili yote ya ziada inamwagika juu ya injini. Rudisha betri, pandisha, subiri, shusha, subiri, mara nane au kumi hivi. Mwanzo itaruka ruka na pampu italia vibaya, hiyo ni hewa inatoka. Ukiona povu kwenye kitenki acha litulie dakika kadhaa, usiendelee kubonyeza, mota ndogo ile inapata joto haraka. Ongeza oili kadri inavyopungua. Wakati wa kushusha usiachie swichi mpaka ilale kabisa, na hakuna mkono wa mtu pale nyuma.

Wengine huniomba niifunge kwa chuma ibaki juu milele, nakataa. Na kuiacha imelala huku unakimbia na gari vile vile nakataa, spoila ile inaikandamiza nyuma ya gari ishike barabara kwenye spidi kubwa, taa yake ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi endesha taratibu. Ikishapona, mwambie mwenye gari kila Jumamosi aifute rodi kwa kitambaa chenye oili kidogo na kuipandisha na kuishusha mara mbili tatu kwa swichi, sili ibaki na unyevu.

Jioni ya mwisho iache spoila ikiwa juu, bandika tepu kila upande na uweke alama ya kalamu pale inapoishia, zima gari, funga gereji uende nyumbani. Asubuhi kabla hujanywa chai pima kwa rula kushoto na kulia. Alama ikiwa pale pale ulipoiacha, futa kila kitu kwa kitambaa cheupe, kitazame, na kama ni kikavu mpigie mwenye gari aje.