Kuokoa data kwenye diski inayokufa kwa Linux: nakili kwanza, mengine baadaye

Swali la jinsi ya kuokoa data kwenye diski inayokufa nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo nimeliandikia somo ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa. Somo linahusu diski ya sahani zinazozunguka (HDD) ambayo kompyuta bado inaiona lakini inasoma kwa kusuasua. Ikiwa inagongagonga, au haionekani kabisa kwenye lsblk (amri inayoorodhesha diski), izime, kwa sababu hiyo ni kazi ya mafundi wenye chumba kisicho na vumbi.

1. Acha kuitumia diski hiyo mara moja, kisha washa kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi.

2. Sakinisha vifaa: `sudo apt install gddrescue smartmontools`. Kwenye Debian na Ubuntu pakiti inaitwa gddrescue, ila amri yenyewe ni ddrescue.

3. Pima hali yake kwa `sudo smartctl -a /dev/sdb` (hapa /dev/sdb ni diski inayokufa). Current_Pending_Sector ikizidi sifuri, zipo sekta (vipande vidogo vya diski) ambazo diski imeshindwa kuzisoma.

4. Andaa diski nyingine iliyo kubwa zaidi. Isiwe na mfumo wa mafaili wa FAT32, ambao haupokei faili la kufikia GB 4.

5. Nakili (/mnt/akiba ni mahali ulipoifungulia ile diski nyingine):

`sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/akiba/diski.img /mnt/akiba/diski.map`

`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/akiba/diski.img /mnt/akiba/diski.map`

Hapa ndipo watu wanapoumia. Chanzo hutangulia, kinakopelekwa hufuata. Ukinakili diski kwa diski, programu itakataa mpaka uongeze -f, na ukiiongeza huku umegeuza mpangilio, utakuwa unaandika juu ya data ileile unayotaka kuiokoa. Majina kama sdb na sdc yanaweza kubadilika kila unapowasha kompyuta, kwa hiyo hakiki kwanza kwa `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL` na ulinganishe namba na kibandiko cha diski yenyewe. Faili la tatu, diski.map, usiliache kamwe, kwani ndilo linalokumbuka sehemu zilizosomwa na zilizoshindikana. Bila hilo, kazi ikikatika unaanza upya na kuichosha diski ambayo haina nguvu ya kurudia. Amri ya kwanza huchukua kilicho kizima, ya pili ndiyo hurudi kung'ang'ania sekta mbovu.

6. Fungua nakala bila kuiandikia: `sudo losetup -r -P -f --show /mnt/akiba/diski.img`, kisha `sudo mount -o ro /dev/loop0p1 /mnt/soma`, ukitumia namba ya loop (diski ya kuigiza inayotokana na faili) uliyoonyeshwa. Ext4 (mfumo wa mafaili wa Linux) ikigoma kwa sababu ya jonali, yaani kumbukumbu yake ya mabadiliko, tumia `-o ro,noload`. Mfumo wa mafaili ukiwa umeharibika, tumia programu za kuokoa mafaili za TestDisk au PhotoRec, lakini juu ya nakala tu.

Maswali ya wanachama

Swali: Nimeendesha fsck -y kwenye diski yenyewe, sasa mafaili hayaonekani. Nifanyeje?
Jibu: Fsck, amri ya kurekebisha mfumo wa mafaili, huandika kwenye diski. Izime, anza hatua ya 1, kisha endesha PhotoRec juu ya nakala.

Swali: Nimesikia ukiiweka kwenye friji inapona. Kweli?
Jibu: Hapana. Unyevu utatanda juu ya sahani.

Swali: Kwa nini usitumie dd yenye conv=noerror,sync?
Jibu: Swali zuri. Hiyo dd, amri ya kawaida ya kunakili, husonga mbele kwa mstari mmoja, ikifika penye ubovu inakwama hapo huku diski ikizidi kuchoka, na ukiwa umeweka bs (ukubwa wa kipande kinachosomwa kwa mara moja) kubwa, kosa la sekta moja linaweza kujaza sifuri mahali pa data isiyo na ubovu iliyokuwa jirani. Ddrescue huruka penye ubovu, humaliza penye uzima, kisha hurudi, hata kwa kusoma kinyumenyume.

Swali: Kwetu umeme hukatika ovyo. Nakala itaharibika?
Jibu: Faili la ramani (diski.map) huhifadhiwa kila baada ya muda mfupi, hivyo rudia amri ileile na itaendelea ilipoishia. Hata hivyo tafuta UPS (betri ya akiba ya kompyuta), maana kuzimika ghafla na kuwaka tena huidhuru diski dhaifu. Na kama iko kwenye kasha la USB linalokatikakatika, itoe na uiunganishe kwa kebo ya SATA, isipokuwa kasha hilo ni la aina inayosimba data, kwani ukiitoa humo hutasoma kitu.