Jinsi ya kutoa gundi ya tinti na stika kwenye vioo vya gari bila kuharibu kioo cha nyuma

Jirani yangu wa huku Buzuruga, Mwanza, amenunua Noah iliyotumika. Vioo vya nyuma vilikuwa na tinti ya zamani iliyogeuka zambarau na kujaa mapovu, naye akaibandua mwenyewe kwa kucha. Karatasi ya juu ilitoka, gundi yote ikabaki kwenye kioo, na vumbi la barabarani likaishika. Kazi tumeimaliza pamoja, na hapa naeleza utaratibu wote, kwa sababu kila wiki naona gari ambalo kioo chake cha nyuma kimeuawa na wembe.

Vifaa

Ndoo ya maji ya moto kiasi cha kuvumilika mkononi, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, chupa ya kupulizia, nyembe mpya na kishikio chake, kadi ngumu ya plastiki, fulana kuukuu za pamba, tishu, mafuta ya taa kidogo, na nailoni nyeusi ile inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi.

Petroli sitaki kuiona ndani ya gari. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatua sakafuni na kukaa humo, na cheche moja ya swichi inatosha kuwasha gari zima. Tina (thinner) ya rangi nayo inakula plastiki ya dashibodi, mpira wa mlango na rangi ya bodi. Stiliwaya ya sufuria na msasa vinachora kioo, na mchoro kwenye kioo haufutiki.

Hatua ya 1: Osha

Osha vioo ndani na nje kwa maji mengi. Mchanga wetu wa Mwanza unatokana na mawe magumu, na chembe moja ikinasa chini ya wembe inaacha mstari.

Hatua ya 2: Kioo cha mbele na vya pembeni

Hapa wembe unaruhusiwa. Kabla ya kubandua stika yoyote hakikisha muda wake umekwisha. Magari ya zamani mengi bado yana stika za leseni ya barabara, ingawa ada ile ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, na hizo ndizo ngumu kuliko zote kwa sababu zimepigwa jua miaka.

Tandika taulo juu ya swichi za mlango, maana maji yakiingia humo vioo vitagoma kupanda. Lowesha stika kwa maji ya moto ya sabuni, funika na kipande cha nailoni, subiri ilainike. Kisha laza wembe karibu na kioo na usukume kwenda mbele tu. Usiurudishe nyuma ukiwa bado umegusa kioo. Kioo kiwe kimelowa muda wote, na wembe ukianza kukwaruza tupa, chukua mwingine. Kwenye vidoa vyeusi vya pembezoni mwa kioo weka wembe pembeni, tumia kadi. Na kama kioo cha mbele kina ufa, hata mdogo, usikimwagie maji ya moto, ufa utakimbia.

Hatua ya 3: Kioo cha nyuma

Sahau wembe kabisa. Ile mistari myembamba ya kahawia inayokatiza kioo cha nyuma imechapwa kwa upande wa ndani, upande uleule unaobandikwa tinti. Inapitisha umeme wa gari, inapata joto na kuondoa ukungu. Ukiukata mstari mmoja sehemu moja tu, mstari wote umekufa. Kwenye magari mengi ya Japani, antena ya redio nayo imechapwa kwenye kioo hichohicho au kwenye vioo vidogo vya pembeni. Watu wengi hapa hawaiwashi hiyo mistari kwa kuwa kwetu hakuna baridi, ila subiri mvua za masika, gari limejaa abiria na vioo vimefungwa, ndipo utajua kazi yake.

Kama tinti bado iko, una bahati. Maji hayapenyi kwenye tinti, kwa hiyo kuipulizia maji kutwa nzima hakusaidii. Kinachopenya ni joto. Gundi ikipata joto inalainika na kuifuata tinti badala ya kubaki kwenye kioo. Ukivuta tinti ikiwa baridi, inachanika matabaka: la juu linatoka, la chini linabaki na gundi yake. Ndicho kilichomkuta jirani.

Pulizia maji ya sabuni upande wa nje wa kioo, bandika nailoni nyeusi juu yake, isawazishe kwa kiganja mapovu yatoke. Nyeusi inavuta jua na kupasha kioo. Sasa zingatia saa. Mwanza iko karibu sana na Ikweta, hivyo saa sita mchana jua liko utosini. Kwa gari dogo lenye kioo kilicholala hilo ni sawa. Kwa Noah au Hiace, ambazo kioo cha nyuma kimesimama wima, jua la saa sita linachoma paa tu na kioo kinabaki vuguvugu. Geuza mgongo wa gari uelekee magharibi, anza saa tisa alasiri. Ukiwa karibu na ziwa, Kirumba au Capri Point, egesha nyuma ya ukuta, kwa sababu upepo wa ziwani mchana unapooza kioo. Siku ya mawingu tumia pasi ya mvuke au drayeri ya saluni, kipande kwa kipande, bila kukazania sehemu moja.

Kioo kikiwa cha moto kiasi cha kuondoa mkono haraka, inua kona moja kwa ukucha, kisha vuta tinti ikijikunja juu yake yenyewe, karibu kabisa na kioo, taratibu. Angalia pale inapoachana na kioo. Ukiona nyuzi za gundi zinavutika na kubaki, acha, pasha tena. Ukiharakisha hapa utalipa saa nzima ya kusugua baadaye.

Kama imebaki gundi tupu, maji sasa ndiyo dawa, kwa kuwa hakuna tena kinachoyazuia. Lowesha tishu kwa maji ya moto ya sabuni, zibandike ndani ya kioo mpaka zifunike gundi yote, zifunike kwa nailoni zisikauke, na nje weka nailoni nyeusi kama kawaida. Acha nusu saa au zaidi. Gundi itageuka nyeupe na kuvimba kama uji uliolala. Hiyo nyeupe ndiyo dalili ya kuanza. Ikiwa bado inang'aa na kunata, rudishia tishu.

Fungua kipande cha upana wa kiganja tu, kwingine kubaki kumefunikwa. Sukuma kwa kadi ukifuata mistari kutoka upande hadi upande, kamwe usiikatize kutoka juu kwenda chini. Gundi itajikusanya vidonge vidonge. Vitoe kwa kitambaa kabla havijajibandika tena. Kinachobaki kipake mafuta ya taa kidogo kwa kitambaa, milango yote ikiwa wazi na pasiwe na moto wala sigara karibu, subiri, futa kwa kufuata mistari ileile. Weka mafuta kwenye kitambaa, usiyamwage kwenye kioo, yatachuruzika kwenye kapeti na harufu itakaa wiki.

Giza likikaribia kazi haijaisha, funga milango na vioo. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kwa mawingu wakifuata taa watajibandika kwenye gundi yote.

Hatua ya 4: Safisha na ukague

Osha mara mbili kwa maji ya sabuni kuondoa mafuta. Pulizia maji safi: yakitandaa sawasawa kioo kimetakata, yakikwepa sehemu bado kuna gundi.

Hatua ya 5: Taka

Vitambaa vya mafuta ya taa vikauke nje mbali na moto, kisha viende jalalani. Maji machafu usimwage mtaroni; mitaro mingi ya mjini inaishia Mto Mirongo, nao unaingia ziwani. Na usifanye kazi hii ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na samaki tunaokula wanatoka humo humo.

Ukitaka kubandika tinti mpya, futa kioo kwa spiriti kwanza na uiache ikauke yenyewe. Mafuta ya taa yakibaki hata kidogo, tinti mpya haitashika pembeni.