Ukirithi postikadi za zamani, anzia upande wa anwani

Ndugu na majirani huniletea kadi walizozikuta kwenye masanduku ya bibi zao, na wote huuliza swali lilelile: hii ni ya mwaka gani? Mimi huigeuza kwanza. Picha hudanganya, kwani Beit al-Ajaib, lile jumba la Unguja, iliyopigwa picha mwaka fulani iliweza kuendelea kuuzwa kwenye kadi kwa miaka mingi.

Tazama kama upande wa anwani umegawanywa na mstari wa katikati. Zamani posta iliutaka upande huo uwe wa anwani peke yake, na maneno yote yakae upande wa picha. Uingereza iliruhusu mgawanyo mwaka 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Kadi isiyo na mstari aghalabu ni ya kabla ya hapo. Ninayo moja ya bandari ya Unguja: mwandishi alianzia angani juu ya majahazi, akateremka ukingo wa kulia, na nafasi ilipomwishia akaigeuza juu chini, akapenyeza salamu za mwisho baina ya mistari ya mwanzo. Kadi kama hiyo usiisome kuanzia juu. Tafuta kwanza jina la anayeandikiwa, kisha ufuate wino, ukiizungusha kadi kama mwenyewe alivyoizungusha.

Halafu stempu. Ya Zanzibar yenye sura ya Sayyid Hamoud, sultani wa wakati ule, ilianza 1899. Thamani ikiwa kwa senti badala ya anna (sehemu ya rupia), ni ya 1908 au baadaye. Kwa Dar es Salaam, Tanga au Bagamoyo, stempu yenye meli ya mfalme wa Ujerumani ilianza 1901, thamani ikiwa kwa pesa, jina la sarafu ndogo ya wakati ule. Heller, sarafu zilizochukua nafasi ya pesa, ziliingia 1905. Tafadhali usiibandue stempu kwa mvuke wala maji! Ukiitoa, unaondoka na nusu ya muhuri, na muhuri ndio ushahidi wenyewe. Ukiwa umefifia, inamisha kadi karibu na dirisha, mwanga uupitie kwa ubavu. Ikiwa mihuri ni miwili, mmoja wa kutoka na mmoja wa kufika, linganisha tarehe: utajua salamu zilisafiri siku ngapi.

Mwandiko wa Kijerumani wa wakati ule huwashinda hata Wajerumani wa leo. Herufi yao ya e inafanana na n, basi kabla ya kukata tamaa jaribu kubadilisha hizo mbili.

Barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zinataka subira zaidi. Huanza na salamu ndefu za Kiarabu. Jambo lenyewe aghalabu huja baada ya neno wabaadu, yaani "na baada ya hayo". Msomee mzee aliyepita chuo cha Kurani, au bora yeye akusomee wewe, kwa sababu hati nyingi hazitofautishi p na b, na anayeijua lahaja ya mwandishi hutambua upesi neno lililokusudiwa. Tarehe huwa ya Hijria: mwaka 1320 ulianza Aprili 1902.

Kuhusu kutunza, naomba sana: usiipeleke kwenye duka la fotokopi ikafanyiwe lamination. Ule moto na plastiki havirudishwi nyuma. Selotepu nayo huacha doa la kahawia. Piga picha pande zote mbili, kisha kila kadi itie kwenye bahasha ya karatasi, kwenye boksi lililo mbali na ukuta unaotoa unyevu. Hapa pwani fungua boksi mara kwa mara msimu wa masika, ukague ukungu na wadudu.

Na wazee wangali hai, waulize aliyeandika ni nani na aliyeandikiwa alikuwa nani wake. Majibu yaandike kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, pamoja na jina la aliyekueleza, uitie ndani ya bahasha hiyohiyo.